Waipa Zinazogoma Mlimani

Kuna watu wanaojua na kuna wajuaji. Mimi nilikuwa mjuaji, tena mwenye cheti. Nilifundisha sayansi pale Same kwa miaka mingi, na kila mwaka, likifika somo la mkandamizo wa hewa, nilichukua debe tupu la mafuta ya kula, nikachemsha maji kidogo ndani yake mpaka mvuke ukatoka, nikalifunga kizibo kwa nguvu, kisha nikalimwagia maji baridi. Debe lilijikunja kwa kishindo mbele ya darasa. Wanafunzi walipiga makofi, nami nilivuta suruali juu na kusema, "Mmeiona hewa?" Ungedhani mimi ndiye niliyeiumba.

Basi mjuaji huyo akapata gari. Nililipata kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, wakati mkonge umeshaanguka bei na kambi zimeanza kuota nyasi. Tulibadilishana na vitu ambavyo mke wangu hadi leo hapendi nivitaje. Lilikuwa gari la Kiingereza, la zamani hata kwa wakati ule, la kijani kilichopauka, lenye mgongo wa mviringo. Ilikuwa miaka ya foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga, na ya petroli ndiyo ndefu kuliko zote. Jumapili ikipita saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani. Kwa hiyo mara nyingi gari langu lilikaa uani, nami nikalipangusa vumbi na kuwaitikia wapita njia waliosema, "Mwalimu, hongera." Niliitikia kwa sauti kubwa kidogo.

Meneja alinionyesha kila kitu ila waipa, na mimi sikuuliza. Mjuaji haulizi.

Waipa za magari ya leo zinaendeshwa kwa umeme. Za gari langu ziliendeshwa kwa mvuto wa hewa. Injini inapomeza hewa inaacha mvuto kwenye bomba lake, na waliolitengeneza waliona mvuto huo usipotee bure, wakauchukua kwa mpira mwembamba hadi kwenye kikopo cha chuma chini ya kioo cha mbele. Ndani ya kikopo mna kibao chenye ngozi pembezoni. Kinavutwa huku, kinavutwa kule, na waipa zinacheza kushoto na kulia. Ni akili nzuri sana kwa mtu anayeishi kwenye tambarare. Ukiteremka na kuachia mafuta, mvuto unazidi na waipa zinakwenda mbio kama zimechanganyikiwa. Lakini ukipanda mlima ukakanyaga mafuta mpaka chini, mvuto unaisha. Waipa zinapunguza mwendo, zinatetemeka, kisha zinasimama katikati ya kioo, papo hapo unapozihitaji. Na sisi kwetu ni milimani. Nani alinituma?

Jambo hilo lingebaki kichekesho cha nyumbani kama isingekuwa barua ya mama. Mama alikuwa akiishi peke yake kwetu juu, mbele ya kijiji cha Mwembe, na hakujua kuandika, hivyo barua iliandikwa na mwinjilisti wa usharika wake kwa mwandiko wa kuinama. Alisema macho yamemjaa ukungu na la kushoto limezidi. Alisema amesikia kuna daktari wa macho anayekuja hospitali ya misheni kule bondeni mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa masika na mara moja wakati wa vuli, anakaa siku chache na kuondoka. Mwisho akasema, "Ukipata nafasi, mwanangu, unipeleke." Ukipata nafasi! Mama aliyenibeba mgongoni kwenye mvua kwenda kliniki ananiomba nafasi.

Ifahamike kwamba siku za gulio kulikuwa na lori. Lilishuka na ndizi, mbuzi na watu, na dereva wake alimheshimu mama na angemkalisha mbele. Mke wangu alilitaja lori lile siku hiyo hiyo barua ilipofika. Nilimtazama kama amenitukana.

"Mama yangu apande lori la ndizi, na mimi nina gari?"

"Gari linalopanda mlima likiwa limefumba macho?"

"Hizo waipa nitazitengeneza Jumamosi."

Jumamosi ilipita, na nyingine zikapita. Masika yakaingia, daktari akafika, nasi tukaondoka Same asubuhi mimi na mke wangu kumfuata mama. Nilikuwa nimejiandaa. Madereva wa malori walinifundisha kusugua kioo kwa tumbaku ili maji yateleze, nikasugua mpaka gari zima likanuka kilabu cha pombe. Tena nikafunga kamba kwenye waipa zote mbili, moja ikapita dirisha la mke wangu na nyingine dirisha langu. Yeye avute, mimi nivute, yeye avute, mimi nivute. Kwenye karatasi, mpango huo haukuwa na dosari.

Tulipopita Mwembe mvua ikashuka kweli kweli. Nikakanyaga mafuta, waipa zikagoma. "Vuta!" Mke wangu akavuta. Mimi nikatakiwa nivute, nishike usukani, tena nibadilishe gia, na Mungu alinipa mikono miwili tu. Tumbaku ilikwisha kwenye kona ya pili. Kwenye kona ya nne mke wangu alivuta kabla ya zamu yake, mimi nikavuta kwa hasira, kamba ikakatika, na tukaingia mtaroni taratibu, kwa heshima zote. Maji yalikuwa yanaingia kwa madirisha yote mawili kwa sababu ya kamba zile zile. Khanga ya mke wangu ilikuwa imeloa mpaka kiunoni.

Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walitua mizigo yao, wakapandisha vitenge vyao, wakatusukuma hadi barabarani. Mmoja, mama wa makamo, alifuta uso akaniuliza bila kucheka, "Mwalimu, lilikuwa linakwenda au linarudi?"

Nikasema linarudi. Na kweli lilirudi. Kwenye mteremko wa kurudi Same waipa zilicheza vizuri ajabu, kwa kasi, bila kamba, zikinidhihaki njia nzima. Daktari alimaliza siku zake akaenda zake. Nikamwandikia mama kwamba kuna kifaa kidogo tu kimeharibika, avumilie hadi vuli.

Sasa hapa ndipo ningeweza kusikiliza. Pale Makanya kulikuwa na fundi mmoja, mzee aliyekuja kutoka Kigoma akiwa kijana kukata mkonge, akaishia gereji ya shamba kwa miaka thelathini. Nilimpelekea gari ili anikubalie tu maoni yangu. Akafungua boneti, akaziba mpira kwa kidole gumba, akasikiliza injini, akafunga boneti.

"Mwalimu, huu si ugonjwa. Ndivyo lilivyozaliwa. Likipanda linataka pumzi zake zote, halina za kugawa. Sisi mvua ikitukuta mlimani tulikuwa tunasimama, tunavuta sigara, ikipita tunaendelea."

"Kuna mahali panapovuja," nikasema. "Mimi nafundisha habari za hewa."

"Haya. Mimi sifundishi."

"Yule meneja aliyenipa alinidanganya. Nitamwandikia barua ya madai."

Mzee yule alicheka mpaka akakohoa. "Wapare ninyi! Mtaishtaki hata mvua."

Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba barua ya madai ilikuwa tayari mfukoni, kurasa mbili, yenye maneno "kinyume cha makubaliano". Niliituma ng'ambo kwa stempu nzuri. Nadhani bado inasafiri.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Nilikifungua kile kikopo mezani pa kulia, nikakuta ngozi ya kibao imekauka na kupasuka. Nikashangilia! Hicho ndicho kiini, nikasema, mzee wa Makanya hajui kitu. Ngozi ya kubadilisha haikuwepo dukani, na miaka ile neno "hakuna" ndilo lililokuwa bidhaa pekee isiyoisha. Nikakata ulimi wa kiatu changu cha kanisani, cha kulia. Nikaukata kwa wembe, nikaulowesha kwenye samli niliyoomba kwa Wamasai wa mnadani ili ulainike, nikauweka juu ya kabati kwenye sahani wiki mbili, kama kitabu kimoja cha zamani kilivyoelekeza, ingawa kitabu kilisema mafuta ya kwato za ng'ombe na mimi niliona samli ni ndugu yake. Jamani, ngozi iliyonona samli juu ya kabati! Asubuhi moja nilikuta sahani safi, imelambwa. Panya walikula kazi yote, ulimi na samli.

Nikakata ulimi wa kiatu cha kushoto. Safari hii nilifunika kwa sufuria na kuweka jiwe. Lakini vuli ikaja mapema, na siku daktari alipofika hospitali ya misheni, kikopo changu kilikuwa vipande kumi na saba ndani ya beseni la kufulia, na kimoja kati yake sikujua kinarudi wapi. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Lori linaondoka juu kesho asubuhi. Nimtumie mama salamu alipande?"

"Nipe leo tu. Usiku huu nitakuwa nimemaliza."

Sikumaliza. Nilipokuja kumaliza, ilikuwa siku ya tatu tangu daktari aondoke, na nilipokipachika kikopo na kupanda nacho kilima cha kwanza, waipa zikasimama pale pale katikati ya kioo. Ulimi wa kiatu mpya, tabia ile ile. Hapo nikamwandikia mama barua ya pili. Sikumbuki niliandika nini na sitaki kukumbuka.

Kisha ikaja ruksa. Watu wa rika langu wanajua nisemalo. Ghafla maduka yakajaa. Sabuni za rangi tatu, redio za kaseti, betri, mitumba ya makoti mazito kana kwamba Same kuna theluji. Walimu wenzangu waliokuwa wakishindwa na foleni sasa wakashindwa na bei. Mimi nilishukuru Mungu, nikafunga safari mpaka Moshi kutafuta kikopo kipya, maana si kila kitu kimeruhusiwa? Nilizunguka maduka ya vipuri nikiwa nimekishika mkononi, nimekifunga kwenye gazeti. Mwenye duka mmoja alikigeuza, akakitia jichoni, akamwita mwenzake aje aone. "Mzee, hii ilikufa na mkoloni," akasema, na akanipa soda kwa kunihurumia. Mara ya kwanza kuitwa mzee, tena kwa sababu ya waipa.

Likizo ilipofika, kukiwa bado kukavu, nilipanda kwenda kumwona mama. Daktari alikuwa amebakiza miezi miwili kuja. Wakati naondoka mke wangu alikuja hadi dirishani.

"Barabara kavu. Mlete sasa, akae hapa mpaka siku ya daktari."

"Kwenye joto hili? Vyumba viwili?"

"Nitampisha kitanda changu."

Nikasema nitaona. Nilikuwa nataka kumfuata mama siku yenyewe, kwenye mvua, na waipa zikicheza, watu wote waone. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na nimechukua miaka kulisema.

Gari lilipanda bila shida, maana pasipo mvua hakuna mlima. Mama alikuwa amekaa barazani akipukuchua mahindi. Aligeuza uso kwenye mlio wa injini, siyo kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, nikushike."

Akanishika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la mahindi. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa upande wa kushoto.

"Kichwa tu," akasema. "Upande huu kinagonga, na jicho lenyewe."

Nikamwambia ameze aspirini. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilimwambia ameze aspirini, kisha nikaanza kumweleza habari za waipa. Nilimweleza kila kitu, kuanzia mpira hadi panya. Alisikiliza bila kuacha kazi, vidole vikichomoa punje kwenye gunzi bila msaada wa macho. Nilipofika pale injini inapokula mvuto wote ikipanda mlima, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo ni kama maji ya mfereji," akasema. "Mwenye shamba kubwa la juu akifungulia, wa chini hapati kitu."

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Na ukiteremka, wa juu amefunga, maji yanakuja mengi mpaka yanamwagika."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hamjalichimbia ndiva?"

Ndiva kwetu ni bwawa dogo la udongo na mawe, kila mtaa wa Upareni una la kwake. Maji ya mfereji ni haba, ukiyaachia yaende moja kwa moja shambani yananywewa na njia. Kwa hiyo yanaachwa yajae ndivani wakati hakuna anayemwagilia, kisha mwenye zamu anakuja anazibua, nayo yanashuka kwa nguvu. Mama alikuwa mwangalizi wa zamu za ndiva yetu tangu mimi sijaota meno. Alijua nani anaiba maji hata kabla hajaiba.

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka kwa sauti. "Mama, gari si shamba." Naye akacheka pamoja nami kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyesema lisilo lake. Akaendelea na mahindi.

Niliondoka kesho yake. Nilipokuwa nateremka karibu na Mwembe, nimeachia mafuta, injini inanguruma na mvuto mwingi unapotea bure, ndipo nikaelewa. Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Chombo! Weka chombo kitupu kati ya injini na waipa. Ukiteremka, au ukienda taratibu, injini inakivuta chombo hewa yake yote. Weka kimlango ili hewa isirudi humo kupitia injini. Ukipanda, injini ikawa haina cha kugawa, waipa zinatumia akiba ya chombo. Ndiva! Nilipiga usukani kwa kiganja, nikapiga honi, mbuzi wakatawanyika. Nikaendesha hadi Same nikiimba.

Mke wangu alikuja mbio uani, akachungulia kiti cha pembeni.

"Mama yuko wapi?"

"Nimepata dawa ya waipa!"

Aliingia ndani, na jioni aliniwekea chakula mezani, yeye akala jikoni.

Siku ya pili nilichukua debe la mafuta ya kula, nikalitoboa na kuchomeka mipira miwili, nikalifunga kwenye mabati ya injini. Niliwasha. Nikakanyaga mafuta, nikaachia. Kishindo kilisikika mpaka kwa jirani, na debe langu likajikunja mbele ya macho yangu mpaka likawa kama boga lililokanyagwa na ng'ombe. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, akaliangalia, akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu jana.

"Mwalimu, hili si ndilo somo lako la kila mwaka?"

Kinyozi hajinyoi, lakini angalau hajikati masikio. Nilibeba debe langu, nikapanda basi hadi Makanya kwa mzee wa Kigoma, nikampa heshima zake zote. Aliligeuza debe mikononi mwake muda mrefu. Nikajua anajizuia kucheka. Kisha akachukua kipande cha bomba nene la chuma lililobaki kutoka kiwanda cha mkonge, akaziba ncha zote mbili kwa kulehemu, akatoboa matundu mawili, na ndani ya tundu la upande wa injini akapachika kilimi cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kinachofunguka upande mmoja tu. Alipomaliza akanipigapiga begani.

"Hii ni akili kubwa. Nani kakupa?"

"Nimeifikiria mwenyewe," nikasema.

Liliponitoka neno hilo hata halikunikwaruza koo.

Masika yalipoingia, taarifa zikaja kwamba daktari wa macho amefika. Niliondoka Same kwenye mvua, peke yangu, mke wangu akibaki kuandaa kitanda. Mvua ilikuwa ile ile ya kona ya nne, nzito, inayopiga bati la gari mpaka hujisikii. Nikafika kilima cha kwanza, nikakanyaga mafuta, nikashika pumzi. Waipa zikacheza. Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Nililia, nasema bila aibu, nililia na kucheka. Zilikuwa na uwezo wa mipigo kama arobaini, kisha zikaanza kulegea, nami nikaachia mafuta kidogo, gari likapungua mwendo, chombo kikajaa, zikaamka tena. Nilipanda mlima wote hivyo, kwa zamu, namwaga na kujaza. Nilipiga honi mbele ya kila nyumba. Watu walitoka kuona kuna msiba gani.

Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri, amevaa gauni aliloshonewa siku ya kipaimara cha wajukuu, mwavuli magotini, kifurushi kando. Nilimshika mkono, nikamwingiza garini. Tulipoanza kushuka, waipa zikashika kasi, tap tap tap tap. Akainamisha kichwa kuzisikiliza.

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya, mama. Ile ndiva yako."

Akatabasamu, akaweka mkono juu ya kitambaa cha kichwani, upande wa kushoto, akaubakiza hapo safari nzima.

Pale hospitali walimlaza. Kesho yake daktari alitoa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia. Walipofungua bandeji mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimejipanga hotuba. Mama alipepesa, akaona dirisha, akaona neti, akaona mimi. Akanitazama kwa muda.

"Umeota mvi," akasema, akacheka mpaka akafuta machozi, na muuguzi akamkanya asiguse jicho. Kisha akaomba kuonyeshwa gari. Nilimshika mkono hadi veranda. Alilitazama gari langu la kijani kilichopauka, akaangalia gurudumu moja baada ya jingine. "Dogo hivi!" akasema. Nilicheka, nikasema ni kubwa ukiwa ndani. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na nilijiona nimefanya kazi ya mtoto kwa mama yake.

Tuliporudi ndani daktari alikuwa anatungoja na taa yake ndogo. Alimkalisha mama, akamulika jicho la kushoto, akamulika tena kwa pembeni. Akamwuliza anaona vidole vingapi. Mama akasema haoni vidole. Anaona mwanga? Mama akafikiri, akasema hapana.

Daktari akazima taa. Akatueleza pole pole, kwa Kiswahili cha kujifunza, kwamba mtoto wa jicho kwenye jicho lile aliachwa akaiva kupita kiasi, akapandisha presha ndani ya jicho, na presha ikaua mshipa wa kuonea. Hakuna operesheni ya kuurudisha. Akauliza maumivu ya kichwa yalianza lini. Mama akamwambia. Daktari akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. Akasema kama angeletwa vuli iliyopita, labda. Kama angeletwa masika ya kabla ya hapo, hakika. Kisha akageuka, akaniangalia mimi, si mama.

"Wewe ni mtoto wake? Mna gari. Kwa nini hamkumleta?"

Ilikuwepo habari ya lori, na ya kiatu, na ya panya, na ya kiti kitupu cha pembeni barabara ikiwa kavu. Sikujua nianze na ipi.

"Alikuja, daktari," mama akasema. "Alikuja kunichukua mara zote mbili. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa naogopa kisu."

Alisema bila kutetereka, mikono magotini. Mama yangu hakuwahi kuogopa kisu wala chochote, na hakuwahi kukataa.

Daktari akashusha pumzi, uso wake ukalainika. Akaniwekea mkono begani. "Wazee ndivyo walivyo," akasema. "Pole sana, mwalimu. Umejitahidi."

Mama alikuwa amenigeukia, jicho lake la kulia wazi, jekundu bado, linanitazama na kungoja.

"Asante, daktari," nikasema.